Waya Mbili za Plagi

Mpaka leo naona aibu kupita Kirumba. Miaka ile magari ya mtumba kutoka Japani yalipoanza kumiminika Mwanza, mjane mmoja wa pale aliniletea gari la spoti aliloachiwa na mumewe, nibadilishe plagi tu. Nilipomaliza, likaanza kumisi, injini ikikatakata. Nikamwambia mbele ya wakwe zake waliomsindikiza, "Marehemu ndiye aliyeiua injini kwa mwendo kasi."

Mama wa watu akalia.

Shemeji yake, fundi wa injini za boti Mwaloni, akachungulia. "Waya hizi mbili umezipishanisha, fundi." Akazirudisha mahali pake, injini ikatulia.

Mjane akanigeukia. "Kwa hiyo mume wangu hakuiharibu?"

"Hapana, mama. Ni mimi."