Nimefufua pickup uani kwangu Mvara, dashibodi ikaja na upande wa Juba

Wakuu, habari za mapumziko. Leo nina furaha mpaka vidole vinateleza kwenye simu, mnisamehe makosa. Ninayosimulia hayana chumvi. Mwenye shaka aje Mvara, Arua, aligonge gari mwenyewe kwa ngumi.

Wengi humu mna gari lisilo na injini. Mimi nilikuwa na injini isiyo na gari.

Ya dizeli. Ilikuwa inasaga mihogo kwenye mashine yangu, hadi umeme ulipofika nikafunga mota. Ikabaki chini ya turubai, nzima kabisa.

Sasa nikaenda Dranya, Koboko, kujitambulisha kwa wazazi wa Keji. Mimi na Keji tulikuwa tayari tunaishi pamoja, na binti tunaye, ila mahari sijatoa. Nikapokelewa vizuri, nikalishwa, kichwa kikavimba. Mdomo huu huu ukatamka kwamba mbuzi wa mahari nitawaleta kwa gari langu mwenyewe.

Baba mkwe akanitazama.

"Umesema mwenyewe. Basi gari ya mutu mwingine mimi hapana taka kuona hapa. Simsim ikivunwa, Jumamosi ya kwanza ikipita bila mbuzi, Keji na mtoto narudi kwa nyumba yangu."

Kwetu huo si utani. Kaka zake huja kumchukua kweli.

Nikapata shell ya pickup, single cabin. Naposema shell, ni shell: kiti hakuna, kioo hakuna, waya hata mmoja hakuna, kuku walikuwa wanataga ndani. Ikaletwa uani juu ya lori la matofali. Keji akaizunguka mara mbili, akauliza kama hii ndiyo itamzuia asirudishwe kwao, halafu akacheka hadi akakaa chini.

Jirani yangu Mzee Rajabu, Mnubi aliyestaafu kazi ya gereji, akakubali kunifundisha, mradi kazi chafu nifanye mimi. Budget ilikuwa nyembamba sana. Sakafu iliyooza tuliikata, tukachomelea viraka vya pipa la mafuta. Puti ya kuziba mabonde ya bodi nikaipiga msasa kwa maji hadi mkono ukafa ganzi. Dari nikaivalisha kitenge. Rangi ni ile ya kijani iliyobaki kwenye geti.

Kila jioni nilikuwa nasimama tu naliangalia, natabasamu peke yangu.

Injini ya mihogo tukaipachika, ikabaki dashibodi, usukani na pedali. Nikasikia Koboko kuna pickup ya sura hiyo hiyo imechinjwa, inauzwa vipande vipande. Nikaenda mbio, bei poa mno. Na nilikagua wakuu! Nyufa, meno ya usukani, hata skrubu nilihesabu. Vikafungwa kwenye magunia, nikarudi naimba.

Jumatatu, siku tano kabla ya ile Jumamosi, tukavitoa. Mzee Rajabu akapanga vipande chini, akakaa juu ya ndoo.

"Hii gari ilikuwa natembea Juba," akasema. "Kule dereva iko mkono ya kushoto. Wewe hapana ona?"

Sikuona. Huku mpakani tunapishana na magari ya kushoto na ya kulia kila siku, macho yamezoea yote. Nilikagua kila kitu isipokuwa upande.

Safari hii Keji hakucheka. Alimfunga mtoto mgongoni, akaanza kufua nguo zake zote. Nikaelewa, anajiandaa kurudi kwao. Roho iliniuma jamani, nisiwadanganye.

Kesho yake nikarudi Koboko na magunia yangu. Muuzaji akakataa kurudisha chochote, halafu akaangua kicheko.

"Ngoja kwanza! Mutu moja wa Sudan iko analia kama wewe. Yake ilitoka Arua, iko ya kulia!"

Wakuuuu!

Huyo ni Ladu, mfanyabiashara kutoka Sudan Kusini, anauza samaki wakavu pale pale Koboko. Pickup yake ya kwao iliungua mbele, akamtuma mtu Arua amnunulie dashibodi na kila kitu chake, akaletewa ya upande wetu. Sura ile ile! Tulitazamana, tukatazama magunia, tukakumbatiana kabla hata ya kusalimiana. Tukabadilishana papo hapo. Akaniongezea samaki, eti kwa sababu yake ilikuwa na ufa.

Siku tatu tulifunga vyuma kama vichaa. Ijumaa mchana injini ikakohoa, ikatema vumbi jeupe, naapa ule ulikuwa unga wa muhogo, kisha ikanguruma. Keji akatoka jikoni na mwiko mkononi, vigelegele mtaa mzima.

Jumamosi tukaondoka. Mbuzi nyuma, Keji na mtoto mbele, wiper hakuna, geji zote zimelala. Pale Onduparaka, ambako timu yao ya mpira huvaa kijani, vijana waliona rangi ya gari wakadhani tunaenda mpirani, wakatushangilia. Nami nikapiga honi kama waziri.

Tulipofika, baba mkwe hakuangalia mbuzi. Aliangalia usukani, akaangalia kucha zangu zenye rangi ya geti.

"Gari iko yako," akasema. "Na bibi iko yako."

Nikalia. Sioni aibu kusema.

Sasa sikilizeni hili. Kwetu mwanamume na mama mkwe wake huheshimiana kwa mbali, hatushikani mkono wala hatukai pamoja. Namaliza kushusha mbuzi, kugeuka, namkuta mama mkwe amepanda nyuma walikotoka mbuzi! Amekaa amenipa mgongo, leso kichwani, anaongea na binti yake.

"Keji, ambia bwana yako mimi hapana kaa karibu na yeye. Lakini huku nyuma iko mbali. Yeye atembeze gari."

Nilimzungusha Dranya nzima, nasikia anacheka nyuma yangu, na heshima haikuvunjika hata kidogo.

Nilichojifunza: ukinunua spea mpakani, uliza upande kabla ya bei. Na ukweni ule kwanza, majigambo yaache nyumbani.

Haya, nani mwingine alishawahi kubeba spea ya kujidhalilisha mpaka nyumbani? Mwageni hapa. Wa kunicheka pia karibuni, leo hakuna wa kuniudhi.