Siku Goti Langu Lilipogongwa Nyundo

Nilizaliwa Kibua, nikaolewa Nyamitaba, na milima ya huku ndiyo iliyolimaliza goti langu la kulia. Kwanza ugonjwa wa viungo ulilivimbisha, kisha kile kifuniko cha goti kikahama, kikakaa ubavuni kama yai chini ya ngozi. Mguu ukapinda. Viazi nilivipalilia nimekaa chini, nikijiburuta.

Binti yetu anayeishi Goma alipopiga simu kusema wako madaktari wanaobadilisha goti, nilipiga kelele hadi kuku wakatawanyika. Mume wangu hakushawishika.

"Goti haiko tairi ya pikipiki, Mama. Watakukata."

"Banikate! Hii yenye niko nayo inanisaidia nini?"

Asubuhi ya upasuaji, hospitalini Goma, muuguzi alinikuta nimeshaamka, nimejifunga kilemba kama naenda misa. Walinichoma sindano mgongoni, miguu ikafa ganzi, lakini masikio yalikuwa mazima. Kumbe kazi ile ina kelele! Msumeno, halafu nyundo: ko, ko, ko.

"Docteur," nikaita kutoka nyuma ya pazia walilonitundikia kifuani, "muko munajenga nyumba?"

Akacheka. "Njo vile, Mama. Tuko tunaweka mulango mupya."

"Na ile kifuniko yenye ilitoroka?"

"Tumeirudisha mu fasi yake."

Kesho yake walinisimamisha. Sitadanganya, niliumwa hadi machozi yakanitoka. Lakini nilipotazama chini niliona miguu miwili iliyonyooka. Kikwembe nilichojifunga kiunoni, ambacho upande wa kulia kilikuwa kikifagia sakafu, sasa kilining'inia juu ya kifundo.

"Mama, umerefuka!" binti yangu akapiga makofi.

Nilibaki kwake Goma nikifanya mazoezi ya kukunja na kunyoosha, kisha nikarudi nyumbani. Mume wangu alikuwa akinisubiri kando ya barabara. Niliposhuka garini macho yake yalinipita, yakitafuta mwanamke anayechechemea. Nikamwendea nikitembea. Akasimama kando yangu, bega kwa bega, akashika mdomo.

"Kumbe nilioa muntu murefu!"

Jumapili kanisani, wakati wa matoleo, watu walienda mbele wakicheza, kama kawaida. Miaka yote ile kikapu changu cha maharagi kilipelekwa mbele na jirani. Safari hii nilikibeba kichwani mwenyewe, fimbo mkono mmoja, nikaingia katikati ya wamama. Ngoma ikakolea. Mume wangu akanyoosha shingo kutoka upande wa wanaume, akanong'ona kwa sauti iliyosikika kanisa zima:

"Docteur alisema polepole!"

Polepole ilinishinda.