Mikono Isiyovuka Meza

Mlangoni, yule mama mshauri wa mambo ya chumbani humsalimia kila mtu kwa mkono, kwa nguvu, kama anayempokea dadake stesheni. Akishaketi, basi, mikono yake haivuki meza. Akifundisha kupapasa hujipapasa kiwiko chake mwenyewe, polepole, kwa sauti ya mtu anayeelekeza njia ya kwenda Mwatate. Mghoi, aliyekuja na mumewe kutoka Makwasinyi baada ya miaka ya kupeana migongo kitandani, alikitazama kile kiwiko moyo ukimdunda. Ndipo mumewe akaropoka: “Daktari, nimeona kwa simu ng’ambo kuna wanawake wa kufanya nao mazoezi ya kitandani. Si unitafutie mmoja? Ama wewe mwenyewe?”

Mshauri hakukunja uso. “Huku kwetu, baba, kazi hiyo ina jina moja tu, na tungesomewa mashtaka kortini mimi na wewe. Tena mwalimu umekuja naye.” Akageuza kiti kuelekea dirishani, akawapa mgongo, akatazama treni ya mizigo ikipita. “Kiwiko,” akasema. Mkono wa mume ukaja, ukafika kwenye kiwiko cha mkewe. Joto likamshuka Mghoi hadi visiginoni.

“Kazi yangu inaishia hapo,” mshauri akasema, bado yuko dirishani. “Sasa nendeni nyumbani.”

Mghoi alikuwa ameshasimama, mkoba begani.