Kipande Kilichozikwa

Waliponikata titi hospitalini mjini Mahajanga, muuguzi alimkabidhi dada yangu chupa yenye kile kipande ili akipeleke maabara. Dada hakukipeleka. Kwetu kiungo cha Mwislamu hakitupwi, huzikwa. Akakivika sanda, akapanda gari hadi bandari ya Antsahampano, akavuka kwa boti kwenda kisiwani kwetu Nosy Be, akakizika ubavuni mwa mama yetu.

Mama alikufa kwa ugonjwa huohuo, mwishoni mwa miaka ya sabini. Siku zile kila mgonjwa alikatwa, akaombewa dua, basi.

Baada ya wiki tatu daktari akaniuliza majibu ya maabara. Alinieleza kwa Kifaransa, taratibu, kwamba siku hizi kila uvimbe una dawa yake: mmoja hulishwa na homoni, mwingine hapana, na bila kukipima kile kipande angebahatisha tu. Nikamtazama dada. Akainamisha kichwa.

Sikumgombeza. Nilikuwa nimechoka, na angenijibu kwa aya. Nikameza dawa ya kubahatisha.

Mpaka leo dada huenda kule kusoma Fatiha. Akirudi, huniambia kaburi langu liko safi.