Doti ya Bibi na Wimbo wa Mhungaria

Chumba cha mbele tulimpangisha Mhungaria, fundi wa kuchimba visima katika vijiji vya Ujamaa. Akirudi jioni na vumbi la kijiji cha Choma kichwani, alioga kisha akaweka santuri ile ile kwenye gramafoni. Mwanamke aliimba kwa lugha yao, taratibu, kama mtu anayefagia uwanja bila haraka. Nilitamani sana kujua anasema nini, lakini mimi hata mwalimu wangu wa darasa sijawahi kumwuliza swali.

Bibi alichoka kuniona nimesimama nyuma ya pazia.

"Nenda kamwulize. Hali watu yule."

Sikwenda. Akamwita mwenyewe.

"Shikamoo, Bibi," Mhungaria alisema mlangoni.

"Marahaba. Mjukuu wangu anataka kujua huyo mwanamke wako analalamika nini."

"Halalamiki." Akatafuta maneno. "Anasema, jana imekwenda. Kesho haijafika. Mimi niko leo, basi nacheza leo."

"Umetoka Ulaya kote huko kuja kutwambia hivyo tu?"

Tukacheka, hata mimi. Lakini usiku, akitandika kitanda, nilimsikia Bibi akiyarudia maneno yale: mimi niko leo.

Kesho yake akaniambia nifungue sanduku lake. Chini kabisa, katika harufu ya udi, ilikuwapo doti ya kanga nyekundu aliyoiweka kwa ajili ya harusi ya dada yangu. Dada mwenyewe alikuwa bado jeshini, JKT, na harusi haijapangiwa siku. Kule hospitali ya Kitete Bibi alikwisha kuambiwa kwamba jicho la kushoto limezimika na la kulia linafuata. Mimi ndiye niliyempeleka. Nilijua anachoogopa: kuivaa kanga ile siku ambayo hataweza kuiona.

Shangazi alipomwona amejitanda, aliweka ungo chini.

"Mama, na harusini utavaa nini?"

"Hii hii. Itakuwa imechuja, nami nimechuja. Tutafanana."

Tukaenda kupanga foleni ya sukari. Nilimshika mkono, nikaanza kumweleza kanga ilivyo: wekundu wake umekoza, pembeni kuna maua meupe, na katikati…

"Nyamaza kidogo," akasema. "Naiona."

Akainua pindo juani, karibu kabisa na jicho la kulia, akalitazama. Foleni ikasogea mbele yetu. Watu wakatupita. Niliwaacha wapite.