Kombe la Mtoto Asiyesema

Juzi nilikuwa nimeketi barazani kwa mwalimu wa chuo cha Kurani, akaja bwana mmoja na bintiye wa miaka minne.

"Mwalimu, mtoto huyu hasemi. Niandikie kombe anywe."

Mwalimu akaanza kuandika aya kwa zafarani kwenye sahani nyeupe. "Nyumbani nani humtolea hadithi?"

"Alikuwa nyanya yake. Nimemkataza. Hadithi ni upuzi!"

Mwalimu akaweka kalamu, akamwinamia mtoto. "Paukwa!"

"Pakawa!" Macho yakamng'aa.

"Sungura akatoka, akenda wapi?"

"Akenda kisimani, akamwona simba, aka..."

Babake akamziba mdomo kwa kiganja. "Adabu! Wapayuka mbele ya mwalimu?"

Damu ilinichemka. Nyinyi akina baba mwawanyamazisha wazee, mwawanyamazisha watoto, kisha mwazunguka mji mzima mkitafuta dawa ya ububu! Mwadhani maneno huuzwa sokoni kwa pishi?

Mwalimu akaichukua tena kalamu. Alimaliza kuandika, akaiosha sahani kwa maji ya marashi, akayamimina maji yale kikombeni na kumpa baba.

"Kunywa wewe," akamwambia. "Mtoto ni mzima."