Chapati za Mama Mkwe Zimekuwa Duara

Admin, tafadhali ficha jina langu, mume wangu husoma hii page kila siku.

Mimi ni mama wa miaka 31, naishi Nakuru, upande wa Free Area, na nina msichana mmoja wa Grade 2. Nafanya kazi kwa kiwanda kinachopika chakula na kukiuza kikiwa baridi, chapati, pilau, kuku wa mchuzi, vile vya friji za supamaketi ambavyo unapasha tu nyumbani. Kinachopitisha tarehe kinarudishwa kwetu ili kipelekwe kwa wafugaji wa nguruwe, kisioze jalalani. Mwenye pickup ya kukibeba ni mume wangu. Hiyo kazi nilimtafutia mimi.

Zamani tulikuwa tunakimwagia rangi ya kijani ndio mtu asitamani kukila. Mwaka huu wakubwa wakasema rangi inaingia mtaroni na kuchafua maji yanayoteremka ziwani, tuache. Tuliwapigia makofi. Mimi pia nilipiga, nani anataka kuharibu ziwa?

Sasa sikieni. Jumapili moja nikaenda kwa mama mkwe, ana hoteli ndogo ya mabati ambapo mafundi wa mjengo hula lunch. Akaniwekea chapati na kuku. Huyu mama nampenda, lakini chapati zake, Mungu anisamehe, zimekuwa ramani ya Afrika tangu niolewe. Hizi zilikuwa duara, zote saizi moja, na ule mkunjo wa mashine yetu katikati. Nikarudisha tonge kwa sahani.

Nikamuuliza, "Mum, hizi umepika wewe?"

"Si bwanako huniletea? Mnatupa chakula kizuri hivi na watu wana njaa. Mimi nachemsha tena, kila kidudu kinakufa."

Kuku hao nawajua. Hukaa kwa ndoo uani kiwandani, juani, wakingoja pickup. Na kazini tulifundishwa kuna sumu ambayo haitoki hata uchemshe aje.

Nyumbani nikamwambia mume wangu. Hakupaza sauti, na hiyo ndiyo iliniogopesha. Alisema, "Unataka nguruwe wale vizuri kuliko watu? Mathe sasa analipa rent ya kibanda bila kuniomba. Enda useme. Atakayeshikwa ni yeye, na utakuwa umemshikisha wewe."

Tangu hapo fundi mmoja anayekula pale amelazwa. Watu wanasema ni maji. Mimi sina hakika ni nini, na hiyo ndiyo inanimaliza. Shule ya msichana wangu iko karibu na hiyo hoteli, kwa hivyo nikaanza kumpakia chakula. Juzi amepitia kwa nyanyake, akarudi na kontena imejaa vile nilivyoifunga. "Cucu alinipa kuku," akaniambia, amefurahi kabisa. Siku hizi akienda choo nasimama mlangoni nikisikiliza. Akisema tumbo, namshika paji la uso kama ana joto.

Na sasa mama mkwe amepewa kazi ya kupikia watoto wanaobatizwa kanisani kwetu Jumapili. Mume wangu ameshaniuliza, "Ijumaa mtatoa kuku wengi?"

Kopo la rangi bado liko stoo, nyuma ya mifagio. Ijumaa ni zamu yangu kujaza ndoo. Nikimwaga, kiwanda kitanifuta, na bwanangu atajua ni mkono wangu. Nikiambia manager, mama wa watu atashikwa. Nikinyamaza, wale watoto watakula, na wangu akiwa kati yao. Naogopa jamani. Sijawahi kuogopa hivi.

Admin, nimekuomba ufiche jina, lakini mume wangu akifika hapo kwa chapati atajua ni mimi. Nadhani ndio maana nimeandika. Wenye ndoa, wenye mama mkwe, niambieni: nimwage hiyo rangi, ama ningoje asome kwanza?